Upasuaji wa moyo kwa mtoto mwenye sindromu ya Down: matokeo yake, na kwa nini kuchelewa ni hatari

Takriban nusu ya watoto wanaozaliwa na sindromu ya Down huzaliwa pia na hitilafu kwenye moyo. Wengi wao wanaweza kutibiwa kwa upasuaji, na upasuaji huo unafanyika hapa nchini. Hata hivyo, mzazi wa Mtwara mjini, Tandahimba au Msimbati anaweza kukaa miezi mingi akiambiwa na watu wa karibu kwamba mtoto wa namna hiyo hawezi kuhimili kisu, kwamba asubiri akue kwanza, au kwamba ndivyo Mungu alivyomleta na hakuna la kufanya.

Makala haya yanaeleza hitilafu hizo ni zipi, upasuaji una matokeo gani kwa watoto wenye sindromu ya Down na hali nyingine za kromosomu na jeni, na njia anayopita mtoto kutoka zahanati ya kijijini hadi chumba cha upasuaji Dar es Salaam.

Kwa ufupi

- Kila mtoto mwenye sindromu ya Down anapaswa kupimwa moyo kwa kipimo cha eko ndani ya mwezi wa kwanza, hata kama anaonekana mzima.
- Kwa hitilafu nyingi za moyo, sindromu ya Down haimzuii mtoto kufanyiwa upasuaji na kupona.
- Hitilafu kubwa ya moyo isiporekebishwa mapema huharibu mapafu, na mapafu yakishaharibika upasuaji haufai tena.
- Kwa hitilafu kubwa inayowapata zaidi watoto hawa, wakati mzuri wa upasuaji ni kati ya miezi 3 na 6.

Moyo una nini

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kulia husukuma damu kwenda kwenye mapafu kuchukua oksijeni. Upande wa kushoto huipokea damu hiyo na kuisukuma kwenda mwilini. Kuta zilizo katikati huzuia damu ya pande mbili isichanganyike. Vali, ambazo hufanya kazi kama milango inayofunguka upande mmoja tu, huzuia damu isirudi nyuma.

Moyo huumbika mapema sana, katika wiki 8 za mwanzo za ujauzito, mara nyingi kabla mama hajaanza kliniki. Duniani kote, karibu mtoto 1 katika kila 100 wanaozaliwa hai huwa na hitilafu ya moyo. Baadhi ni tundu dogo ambalo huziba lenyewe mtoto anapokua. Nyingine ni kubwa na haziwezi kuziba bila matibabu.

Kwa watoto wenye sindromu ya Down, hitilafu kubwa inayowapata zaidi ni ile ambayo sehemu ya katikati ya moyo haikuumbika. Tundu linakuwa kubwa kiasi cha kuunganisha vyumba vya juu na vya chini, na badala ya vali mbili kunakuwa na moja inayovuja. Katika makala haya tutaiita tundu la katikati ya moyo. Wapo pia wenye tundu kati ya vyumba vya chini, tundu kati ya vyumba vya juu, mshipa uliopaswa kufunga baada ya kuzaliwa ambao umebaki wazi, na ile hitilafu ya mambo manne ambayo humfanya mtoto awe na midomo ya bluu.

Kromosomu na moyo

Mwili hujengwa kwa maelekezo yaliyo ndani ya kromosomu. Kwa kawaida kila seli ina kromosomu 46. Mtoto mwenye sindromu ya Down ana kromosomu namba 21 moja ya ziada, kwa hiyo ana 47. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa, wakiwemo Jérôme Lejeune na Marthe Gautier, walionyesha kwamba chanzo chake ni kromosomu hiyo ya ziada. Kwa kuwa maelekezo yaleyale ndiyo yanayojenga uso, misuli, utumbo na moyo, hitilafu moja ya kromosomu inaweza kuonekana sehemu nyingi za mwili.

Mara nyingi hali hii hairithiwi. Hutokea kwa bahati wakati yai linapoumbika. Uwezekano huongezeka kwa umri wa mama: karibu 1 kati ya 350 akiwa na miaka 35, na karibu 1 kati ya 100 akiwa na miaka 40. Lakini kwa sababu akina mama vijana ndio wanaozaa zaidi, watoto wengi wenye sindromu ya Down huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35. Hakuna chakula alichokula mama, laana, wala kosa la baba lililosababisha. Jambo hili linafaa kusemwa wazi ndani ya familia, kwa sababu ugomvi wa nani amelaumiwa hula muda ambao mtoto anauhitaji kwa matibabu.

Kipimo cha kromosomu hakipatikani katika kila hospitali. Daktari au mkunga mzoefu hutambua hali hii kwa kumwangalia mtoto: mwili mlegevu, macho yaliyopanda kidogo pembeni, uso bapa, shingo fupi yenye ngozi iliyolegea kwa nyuma, na mara nyingine mstari mmoja unaokata kiganja. Mtoto hahitaji kungoja majibu ya kromosomu ndipo apimwe moyo. Dalili hizo zinatosha kumwandikia rufaa ya eko.

Matokeo ya upasuaji

Daktari wa upasuaji Walton Lillehei na wenzake wa Minneapolis, Marekani, ndio waliorekebisha tundu la katikati ya moyo kwa mara ya kwanza, mwaka 1954. Kwa miongo kadhaa baadaye, watoto wengi wenye sindromu ya Down katika nchi tajiri hawakupewa nafasi hiyo. Hoja ilikuwa kwamba hatari ni kubwa mno, au kwamba maisha yao yasingekuwa na thamani ya kutosha. Nchini Uingereza, uchunguzi huru kuhusu huduma za moyo za watoto katika hospitali za Royal Brompton na Harefield, uliotolewa mwaka 2001, uligusa suala hilohilo: jinsi familia za watoto wenye sindromu ya Down zilivyoelezwa kuhusu upasuaji.

Takwimu zilizokusanywa tangu hapo zimevunja hoja ya kwanza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulichunguza upasuaji wa moyo wa watoto zaidi ya 45,000, na zaidi ya 4,000 kati yao walikuwa na sindromu ya Down. Kwa aina za upasuaji zinazofanyika sana, vifo vya watoto wenye Down havikuwa vingi kuliko vya wengine. Tofauti ilikuwa katika safari ya kupona: walikaa hospitali siku nyingi zaidi, walipata zaidi matatizo ya kupumua na maambukizi, na baada ya kuzibwa tundu la vyumba vya chini baadhi walihitaji kifaa cha kuurekebisha mwendo wa moyo.

Kwa tundu la katikati ya moyo, matokeo yao ni mazuri hata kuliko ya watoto wenye hitilafu hiyohiyo ambao hawana Down. Vali yao ya kushoto mara nyingi hurekebishika vizuri zaidi, na ni wachache wanaorudishwa kufanyiwa upasuaji wa pili. Katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, vifo baada ya upasuaji huu siku hizi ni takriban watoto 3 kwa kila 100, au pungufu.

Sasa linganisha na mtoto asiyefanyiwa upasuaji. Tafiti zilizofanywa kabla upasuaji huu haujaenea zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye tundu kamili la katikati ya moyo walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na wachache sana walifika miaka mitano. Mzazi anapopima hatari, hilo ndilo linalopaswa kuwekwa upande wa pili wa mizani. Kutofanya upasuaji nako kuna hatari yake.

Kuna hali moja ambayo sindromu ya Down huongeza hatari waziwazi. Ni pale ambapo moyo una chumba kimoja tu cha chini kinachofanya kazi na mtoto anahitaji upasuaji wa hatua kadhaa. Mpango huo hutegemea sana mapafu yenye shinikizo dogo, na watoto wenye Down hupata shinikizo kubwa la mapafu kwa urahisi. Hapo madaktari hupima kwa makini zaidi.

Katika nchi zenye huduma hizi, mtu mwenye sindromu ya Down ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitarajiwa kuishi miaka 25 hivi, leo anatarajiwa kufika miaka 60 hivi. Upasuaji wa moyo wa utotoni ni moja ya sababu kubwa za badiliko hilo.

Nafuu inayodanganya

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea, na si kwa uzembe.

Mtoto mwenye tundu kubwa hupitisha damu nyingi kupita kiasi kwenda kwenye mapafu. Katika wiki na miezi ya kwanza anapumua haraka, anatoka jasho akinyonya, anaacha titi kabla hajashiba, na uzito hauongezeki. Mapafu, yakipigwa na damu hiyo kwa nguvu kila siku, huanza kujikinga: mishipa yake midogo hunenepa na kukaza. Mishipa ikikaza, damu inayoingia kwenye mapafu hupungua. Mtoto anapumua vizuri zaidi, anatulia, pengine ananenepa kidogo. Familia inasema amepona. Kama alikuwa anapewa dawa ya miti shamba, dawa hiyo ndiyo inayopata sifa.

Kwa kweli mapafu yanaharibika. Mishipa ikiendelea kukaza, shinikizo la upande wa kulia hulingana na la kushoto, kisha hulizidi. Damu isiyo na oksijeni hupita kwenye tundu na kwenda mwilini, na mtoto huanza kuwa na midomo na kucha za bluu. Akifika hapo, kuziba tundu kunaweza kumuua, kwa sababu tundu hilo ndilo njia pekee ya moyo kupumua dhidi ya mapafu yaliyofunga. Wazazi huambiwa kwamba upasuaji hauwezekani tena, na kinachobaki ni dawa za kupunguza makali.

Kwa watoto wenye sindromu ya Down mchakato huu huenda haraka zaidi kuliko kwa watoto wengine. Ndiyo maana madaktari wa moyo hupenda kurekebisha tundu kamili la katikati kati ya miezi 3 na 6, na husita sana mtoto akishapita mwaka mmoja kabla ya kumpima shinikizo la mapafu. Baadhi ya watoto wenye Down mapafu yao hukaza tangu mwanzo, hivyo hawaonyeshi dalili zozote, na daktari akiweka kipimo cha masikio kifuani hasikii sauti ya tundu. Kwa hiyo kila mtoto mwenye Down hupimwa eko bila kungoja dalili.

Wanaofika wamechelewa ni wengi. Madaktari wa Dar es Salaam na wa Bugando, Mwanza, wameandika mara kadhaa kuhusu watoto wanaofikishwa kwao wakati umeshapita.

Hali nyingine za kromosomu na jeni

Sindromu ya Down ndiyo inayoonekana zaidi, lakini si pekee.

Kukatika kwa kipande cha kromosomu namba 22. Hutokea kwa karibu mtoto 1 kati ya 4,000, na karibu robo tatu yao wana hitilafu ya moyo, mara nyingi kwenye mishipa mikubwa inayotoka moyoni. Watoto hawa wanaweza kuwa na madini ya kalisi kidogo mno katika damu, jambo linaloweza kuleta degedege, na kinga dhaifu. Upasuaji unawezekana, lakini timu inapaswa kujua mapema: kalisi ifuatiliwe, na damu ya kuongezewa iandaliwe kwa namna maalumu. Hukaa zaidi chumba cha uangalizi maalumu na hupata maambukizi zaidi.

Sindromu ya Turner. Huwapata wasichana, karibu 1 kati ya 2,000 hadi 2,500. Hitilafu inayotafutwa ni kubanwa kwa mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Mapigo ya damu kwenye mapaja huwa hafifu kuliko ya mikononi. Upasuaji wa kupanua mshipa huo una matokeo mazuri ukifanyika kwa wakati.

Sindromu ya Noonan. Vali ya kuelekea mapafu huwa nene na nyembamba kwa uwazi wake. Kwa watoto wengine vali kama hiyo hufunguliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, lakini kwa Noonan puto halifaulu kila mara na upasuaji unaweza kuhitajika.

Sindromu ya Williams. Mshipa mkuu hubanwa juu kidogo ya vali. Hatari kubwa ni wakati wa nusu kaputi, kwa sababu moyo unaweza kusimama ghafla. Kwa mtoto huyu, hata upasuaji mdogo wa ngiri unahitaji mtaalamu wa usingizi aliyeandaliwa.

Kromosomu ya ziada namba 18 au 13. Hizi ni hali nzito zaidi. Wengi wa watoto hawa wana hitilafu ya moyo, pamoja na matatizo ya ubongo, upumuaji na kulisha, na wanaofikisha mwaka mmoja ni kama 1 kati ya 10. Zamani hawakufanyiwa upasuaji kabisa. Tafiti za Marekani na Japani zimeonyesha kwamba baadhi, wakichaguliwa kwa makini, huishi muda mrefu zaidi baada ya upasuaji, ingawa ulemavu mwingine hubaki. Huu ni uamuzi mgumu unaofanywa na familia pamoja na madaktari, mtoto kwa mtoto. Kuchagua matunzo ya kumpunguzia mtoto maumivu badala ya upasuaji pia ni uamuzi halali wa upendo.

Upasuaji huu unafanyika wapi Tanzania

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Mwaka 2015 kitengo hicho kilikuwa taasisi inayojitegemea: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, iliyopo Upanga, ndani ya eneo la Muhimbili. Hapo ndipo watoto wengi wa mikoa ya kusini hupelekwa.

JKCI ina njia mbili za kutibu. Ya kwanza ni kupitia mshipa wa paja, bila kufungua kifua, ambayo huziba baadhi ya matundu na mishipa iliyobaki wazi. Ya pili ni upasuaji wa kufungua kifua, ambapo mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari anarekebisha. Tundu la katikati ya moyo huhitaji njia ya pili. Kwa kichanga dhaifu sana, madaktari wakati mwingine huanza na upasuaji wa kubana mshipa wa mapafu ili kupunguza damu inayoingia, kisha hurekebisha tundu lenyewe mtoto akipata uzito.

Mbali na madaktari wa Kitanzania, taasisi hupokea timu za nje katika kambi maalumu za upasuaji. Miongoni mwa zilizoshirikiana nayo ni Save a Child's Heart ya Israel, Muntada Aid ya Uingereza na Open Heart International ya Australia. Dk. Godwin Sharau, daktari bingwa wa upasuaji wa moyo wa watoto, alipata mafunzo yake Israel kupitia Save a Child's Heart kisha akarudi kufanya kazi nyumbani. JKCI pia hutuma wataalamu mikoani kwa huduma inayoitwa tiba mkoba. Tangazo la tiba mkoba likitoka, mtoto mwenye Down ambaye hajawahi kupimwa eko apelekwe siku ya kwanza.

Dalili zinazochanganywa na mambo mengine

Huku kwetu, mtoto asiyeongezeka uzito mara nyingi husemwa amebemendwa, yaani wazazi wake walirudiana mapema wakati bado ananyonya. Lawama hiyo humfanya mama afiche tatizo badala ya kulipeleka kliniki. Mtoto wa moyo hakui kwa sababu nguvu zote za maziwa anayonyonya zinaishia kwenye kazi ya kupumua.

Mpeleke mtoto kituo cha afya ukiona:

- anapumua haraka au mbavu zinaingia ndani hata akiwa amelala;
- anatoka jasho kichwani anaponyonya, au anapumzika kila baada ya mafunda machache;
- mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka;
- anapata nimonia tena na tena;
- midomo, ulimi au kucha zina rangi ya bluu. Kwa mtoto mweusi angalia zaidi ulimi na ndani ya mdomo.

Midomo ya bluu ni dharura. Usingoje siku ya kliniki.

Njia ya rufaa kutoka Mtwara

Kwa aliye Kilambo, Kitaya, Mahurunga au Madimba, hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya cha karibu. Omba mambo mawili: mtoto apimwe oksijeni kwa kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni au mguuni, na apewe barua ya rufaa inayotaja wazi kwamba anashukiwa kuwa na tatizo la moyo. Barua iliyoandikwa nimonia peke yake itamrudisha kwenye dawa ya nimonia.

Rufaa hiyo itampeleka hospitali ya halmashauri, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2021 na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023. Kwa wakazi wa Masasi na jirani, ipo pia Hospitali ya Ndanda. Kabla ya kusafiri, piga simu uulize kama siku hiyo yupo mtaalamu wa kupima eko ya mtoto mchanga.

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560. Kabla ya kupanda basi na mtoto anayepumua kwa shida, muulize daktari kama anaweza kusafiri hivyo au anahitaji gari la wagonjwa lenye oksijeni.

Kuhusu fedha, sera ya nchi inatambua msamaha kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, lakini upasuaji wa moyo ni huduma ghali na familia inaweza kukuta gharama ambazo haikutegemea. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku ya kulazwa, ukiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa, ueleze hali yako. Kama mtoto ana bima, uliza mapema inalipia nini. Pangeni pia nauli, mahali pa mama kulala na nani atabaki na watoto wengine.

Katika mkoa wetu familia nyingi hupanga matumizi makubwa kufuata minada ya korosho, inayoanza Oktoba. Kwa ugonjwa huu kalenda hiyo haifai. Mtoto aliyezaliwa Machi anatimiza miezi sita Septemba, kabla ya mnada wa kwanza. Afadhali kuanza rufaa na msamaha mwezi wa kwanza, na kuomba ndugu wachange, kuliko kufika Upanga na fedha kamili wakati mapafu yameshafunga.

Maswali ya kumuuliza daktari

- Hitilafu ya mtoto wangu inaitwaje, na unaweza kunichorea?
- Inaweza kuziba yenyewe, au lazima irekebishwe?
- Shinikizo la mapafu yake likoje sasa?
- Upasuaji ufanyike kabla ya umri gani?
- Kwa watoto kama huyu, hapa hapa, wangapi kati ya 100 hupona?
- Sindromu aliyonayo inabadilisha nini: dawa ya usingizi, shingo, damu ya kuongezewa, siku za ICU?
- Tukichagua kutofanya upasuaji, nini kitatokea na lini?

Ukipewa asilimia, igeuze iwe watoto. Kwa mfano, hatari ya asilimia 5 maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wenye hali hiyo, 95 hutoka hospitali wakiwa hai na 5 hufariki. Uliza pia kama hesabu hiyo ni ya hospitali hiyo au ya nje, kwa sababu matokeo hutofautiana kwa umri wanaofikia watoto, lishe yao na vifaa vya ICU.

Wakati wa kungoja, na baada ya upasuaji

Mtoto anayengoja anahitaji uzito. Anyonyeshwe kidogokidogo mara nyingi, na akichoka mama akamue maziwa amnyweshe kwa kikombe. Dawa ya kupunguza maji mwilini isikatishwe bila ushauri. Chanjo zote za kliniki zitolewe kwa wakati, ikiwemo ya nimonia, kwa sababu mtoto mwenye kifua kibichi huahirishiwa upasuaji.

Baada ya upasuaji wengi huanza kunyonya kwa nguvu na kuongezeka uzito ndani ya wiki chache. Kliniki ya moyo huendelea kwa miaka, kwani vali inaweza kuvuja tena na mwendo wa moyo unaweza kubadilika. Meno yasafishwe na yatibiwe mapema, kwa sababu vijidudu vya meno mabovu vinaweza kufika moyoni. Mtoto mwenye Down apimwe pia tezi ya shingo, masikio na macho.

Upasuaji hauondoi sindromu ya Down. Mtoto atachelewa kukaa, kutembea na kusema, na atahitaji mazoezi, shule inayompokea na watu wenye subira. Atakachopata ni moyo unaomwezesha kuifanya kazi hiyo ya kukua. Ikiwa nyumbani kwako au kwa jirani yupo mtoto wa hali hii ambaye hajapimwa eko, angalia kadi yake ya kliniki leo, hesabu miezi aliyonayo, na ombeni barua ya rufaa wiki hii.